Nani Anamdhamini Huyu? Mwongozo wa kuchuja taka kwenye Nostr kwa utando wa kuaminiana

Ukiingia Nostr, mtandao wa kijamii uliogatuliwa, utagundua haraka kwamba hakuna ofisi. Hakuna kampuni ya kupelekewa malalamiko, hakuna anayefuta akaunti ya tapeli, na hakuna anayekuomba namba ya simu unapojisajili. Akaunti ni jozi ya funguo tu, na mwenye kompyuta ya kawaida anaweza kutengeneza maelfu ya jozi hizo kwa muda mfupi bila kulipa senti. Uhuru huo ndio uliowavuta wengi kuhamia huko. Ndio huo huo unaoleta roboti zinazojibu kila posti, wauzaji wa sarafu hewa, na akaunti zinazovaa jina na picha ya mtu unayemheshimu.

Hakuna atakayekuja kukusafishia, hivyo utachuja mwenyewe kwenye simu yako. Kifaa kikuu cha kazi hiyo ni alama za utando wa kuaminiana, ambazo programu nyingi huziandika kwa herufi tatu, WoT.

Lishike jambo hili kabla hujagusa mpangilio wowote. Alama si cheti anachotembea nacho mtu. Ni jibu la swali hili: kutoka hapa nilipo mimi, nani kati ya ninaowajua anamjua huyu? Wewe na jirani yako mnaweza kumpa mtu yuleyule alama tofauti, na nyote mkawa sahihi. Ndiyo maana kazi kubwa haiko kwenye kitufe cha kuchuja. Iko kwenye orodha ya watu unaowafuata, na sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu orodha hiyo.

KISANDUKU: Maneno utakayokutana nayo

- Ufunguo wa umma huanza na herufi npub. Ni anwani yako, mpe yeyote.
- Ufunguo wa siri huanza na nsec. Atakayeupata amekuwa wewe, na hakuna dawati la kukurudishia.
- Rilei ni seva inayopokea posti na kuzigawa. Yeyote anaweza kuendesha yake.
- Programu ni kile unachofungua ili usome na kuandika: Damus kwenye iPhone, Amethyst kwenye Android, Coracle kwenye kivinjari, na nyingine nyingi. Akaunti yako ni ileile kwenye zote.
- Duara la kwanza ni watu unaowafuata. Duara la pili ni wale wanaofuatwa na hao.

## Kwa nini usihesabu wafuasi

Kwenye mitandao ya kampuni tumezoea kumpima mtu kwa wingi wa wafuasi wake. Kwenye Nostr namba hiyo haina uzito. Nikitaka kuwa na wafuasi 10,000, nitatengeneza funguo 10,000 na kuziamuru zinifuate. Mwaka 2002 mtafiti John Douceur wa Microsoft alieleza kwamba bila mamlaka moja ya kuthibitisha watu, ni vigumu mno kumzuia mtu mmoja asijifanye wengi. Shambulio hilo linaitwa Sybil hadi leo.

Jeshi hilo la akaunti bandia lina udhaifu mmoja. Linajifuata lenyewe. Linaweza kuelekeza mishale ya kufuata kwa yeyote linayemtaka, hata kwako, lakini haliwezi kuwalazimisha watu halisi waelekeze mishale kwake. Hivyo ukianza kuhesabu kutoka kwako kwenda nje, badala ya kuhesabu wanaokuja kwa mtu, akaunti zote 10,000 zinapata sifuri.

Waliowahi kujiunga na kikoba wanalijua hili. Mgeni haingii kwa kujisifu kwamba ana marafiki wengi kijiji cha mbali. Analetwa na mwanachama, na mgeni akikopa akatoroka, aliyemleta ndiye anayeulizwa. Tofauti ni kwamba kwenye Nostr mdhamini haulizwi na mtu yeyote isipokuwa wewe. Usipomuuliza, ataendelea kuwaleta matapeli kila siku, na kichujio chako kitawafungulia mlango.

Wazo lenyewe ni la zamani. Phil Zimmermann alitoa programu ya usimbaji ya PGP mwaka 1991, na mwaka uliofuata akaeleza utando wa kuaminiana: watu watiane saini kwenye funguo badala ya kutegemea ofisi moja ya vyeti. Halikuwavutia wengi nje ya mafundi, kwa sababu kutia saini kwa uangalifu kulitaka mkutane na kukaguana vitambulisho. Kisha Juni 2019 wahuni wakamwaga maelfu kwa maelfu ya saini za hovyo kwenye funguo za watu wawili mashuhuri katika jamii ya OpenPGP, na programu za watu waliozipakua funguo hizo zikakwama.

Nostr, iliyoanzishwa mwaka 2020 na mtu anayejiita fiatjaf, imepita njia nyingine. Haikuombi umtie mtu saini. Inasoma unayoyafanya kila siku: unayemfuata, unayemnyamazisha, unayemripoti. Tena mshale unakaa kwenye orodha ya anayefuata, haukai kwenye akaunti ya anayefuatwa, kwa hiyo hakuna awezaye kukurundikia mzigo. Gharama yake ni kwamba watu hufuata kwa sababu nyingi. Wengine wanacheka, wengine wanachunguza, wengine wanalipa fadhila ya kufuatwa. Kuamini ni sababu moja tu kati ya hizo.

## Alama inavyopatikana

Njia nyepesi ni kujumlisha na kutoa. Hesabu wangapi kati ya unaowafuata wanamfuata mtu fulani, toa wangapi kati yao wamemnyamazisha. Coracle hutumia hesabu ya aina hii. Tuseme unafuata watu 50:

- Mwalimu wa Tanga anafuatwa na 9 kati yao, hakuna aliyemnyamazisha. Alama 9.
- Mchambuzi wa soka anafuatwa na 7, lakini 5 wamemnyamazisha. Alama 2.
- Akaunti yenye picha ya yule mwalimu na jina lake hasa, ila ufunguo mwingine, haifuatwi na yeyote. Alama 0.

Mfano huo wa tatu ndio unaonifanya niipende hesabu hii pamoja na upungufu wake. Jina na picha kwenye Nostr vinaigwa na yeyote, lakini huwezi kuiga kufuatwa na marafiki tisa wa mtu.

Njia ya pili inatoka kwenye PageRank, ambayo Sergey Brin na Larry Page waliieleza mwaka 1998 kwa ajili ya kupanga kurasa za intaneti. Kwenye Nostr hesabu huanzia kwako. Fikiria mtu anayeanza safari kwenye akaunti yako, anachagua mmoja wa unaowafuata kwa bahati nasibu, kisha mmoja wa wanaofuatwa na huyo, na kuendelea. Katika kila hatua kuna uwezekano, kwa kawaida asilimia 15, wa kurudi kwako na kuanza upya. Akaunti anazozipitia mara nyingi ndizo zenye alama kubwa.

Uzuri wa njia hii uko kwenye mgao. Kila mmoja kati ya watu wako 50 anapata asilimia 2 ya uzito. Mwanasheria anayefuata watu 40 anampa kila mmoja wao asilimia 0.05. Mwanamuziki anayefuata watu 4,000, kwa sababu humfuata kila anayemfuata, anampa kila mmoja asilimia 0.0005. Neno la mwanasheria lina uzito mara mia ya neno la mwanamuziki, na hukuhitaji kuiambia programu kwamba mmoja ni makini na mwingine ni mkarimu mno. Kwenye hesabu ya kujumlisha, wote wawili ni moja na moja.

Zipo pia njia zinazochanganya kufuata, kunyamazisha na ripoti, kila kimoja kwa uzito wake. Kwa anayeanza, hizo zinaweza kusubiri.

## Hatua kwa hatua

1. Linda ufunguo wa siri kwanza. Akaunti yako ikiibwa, wewe ndiye tundu kwenye wavu wa kila anayekufuata. Andika nsec kwenye karatasi na uihifadhi mahali unapohifadhi hati zako. Usiibandike kwenye tovuti yoyote inayokuomba. Kwenye Android tumia programu ya kutia saini kama Amber, inayoshika ufunguo na kuzitilia saini programu nyingine bila kuzipa ufunguo wenyewe. Kwenye kompyuta zipo nyongeza za kivinjari zinazofanya kazi hiyo.

2. Jenga duara la kwanza kwa mkono. Anza na watu kati ya 20 na 50. Hii ndiyo hatua inayoamua mengine yote, na ndiyo ambayo wengi huiruka kwa kubonyeza kitufe cha kufuata kundi zima lililopangwa na mtu mwingine. Ukifanya hivyo, umeazima macho yake, na alama zote utakazoziona baadaye zitakuwa zake.

Kwa kila mtu:

- Pata npub yake kutoka kwake mwenyewe, kwa njia nyingine mbali na Nostr: akuonyeshe msimbo wa QR mkikutana, au akutumie kwenye mazungumzo mliyonayo tayari.
- Linganisha npub yote. Wapo wanaotengeneza funguo hadi wapate zenye mwanzo unaofanana na wa mtu mwingine, kwa hiyo herufi nne za kwanza hazitoshi.
- Fungua orodha yake ya anaowafuata. Ni mia chache? Vizuri. Ni maelfu? Posti zake unaweza kuzipenda, lakini kama mdhamini hafai.

Usitegemee tiki inayoonekana kando ya jina lenye umbo la barua pepe. Inathibitisha tu kwamba mwenye tovuti fulani ameunganisha jina hilo na ufunguo huo, na tovuti inanunuliwa na yeyote. Jina la tovuti lina maana pale tu unapoijua tovuti yenyewe, kwa mfano ya gazeti au ya chuo.

3. Weka nakala ya orodha yako. Orodha ya unaowafuata ni waraka mmoja, na kila mabadiliko huandika waraka mpya juu ya ule wa zamani. Ukiingia na programu mpya ambayo haijaupata waraka wako kwenye rilei zake, itadhani humfuati mtu. Ukibonyeza kumfuata mmoja, orodha ya miezi mingi inageuka kuwa orodha ya mtu mmoja, na kichujio chako kinakufa hapo hapo. Kwa hiyo kwenye programu mpya subiri mpaka uone idadi sahihi ya unaowafuata ndipo ubonyeze chochote.

4. Washa kichujio, ukianzia chini. Kwenye Coracle nenda kwenye mipangilio ya maudhui, utakuta sehemu ya kuweka alama ya chini ya WoT. Amethyst ina vitufe vya kuficha taka za wageni na kukuonya posti ikiwa imeripotiwa na unaowafuata. Majina ya vitufe hubadilika toleo kwa toleo. Tafuta neno la usalama, maudhui au WoT.

Anza na kizingiti cha 1, yaani mtu awe anajulikana na angalau mmoja wa watu wako. Kaa nacho wiki moja. Taka zikiendelea kupita, panda hadi 2, kisha 3. Usianze na 10 kwa sababu tu umesikia taka ni nyingi.

Kwa msomaji wa Kiswahili kuna sababu ya ziada ya kwenda polepole. Wanaoandika Kiswahili Nostr bado ni wachache, na wengi wetu tuliingia kwa kufuata watu wa Bitcoin wanaoandika Kiingereza. Wale hawamfuati mkulima wa Mbeya aliyejiunga jana. Ukiweka kizingiti cha juu juu ya duara la namna hiyo, wa kwanza kufichwa ni watu wa lugha yako. Kabla hujapandisha namba, ongeza waandishi kumi wa Kiswahili kwenye duara la kwanza.

5. Tofautisha vyumba. Kichujio kimoja hakifai kila mahali.

- *Ukurasa mkuu:* huhitaji kichujio. Hapo unaona unaowafuata tu.
- *Majibu chini ya posti:* kizingiti cha 1 au 2. Hapa ndipo roboti hupenda kukaa.
- *Arifa:* 2 au 3. Arifa inakukatiza kazi, kwa hiyo iwe ghali zaidi.
- *Ujumbe wa siri:* duara la kwanza na la pili tu. Wengine wakae kwenye folda ya maombi, uifungue unapotaka.
- *Utafutaji na alama za reli:* acha wazi. Hapo unaingia kwa hiari yako, ukiwa umejiandaa kukutana na lolote.

6. Nyamazisha na ripoti kwa nia. Kunyamazisha kuna aina mbili: kwa wazi na kwa siri. Kwa siri, jina linasimbwa na hakuna mwingine anayeliona. Kwa wazi, linasomwa na programu za wanaokufuata na linapunguza alama ya huyo mtu machoni pao. Ripoti nazo huchapishwa hadharani. Kwa hiyo roboti na tapeli wanyamazishe kwa wazi. Jamaa aliyekuudhi kwa maoni yake ya siasa mnyamazishe kwa siri. Watu hamsini wakitumia rungu la hadharani kwa kila ugomvi, alama inaacha kupima utapeli na kuanza kupima nani anapendwa.

7. Panga rilei zako. Programu yako huchapisha orodha ya rilei unakoandikia na unakopokelea. Pendekezo la kawaida ni rilei 2 hadi 4 kwa kila kundi. Zipo rilei za WoT, zinazopokea posti kutoka kwa watu walio kwenye utando wa mwendeshaji wake tu. Ni nyepesi kwenye bando kwa sababu taka hazifiki hata mlangoni kwako, lakini kumbuka utando ni wa mwendeshaji. Wageni asiowajua yeye hutawaona hata ukiweka kizingiti cha sifuri. Weka moja kati ya rilei za kupokelea, na nyingine moja iliyo wazi.

8. Acha mlango wa wageni. Kila mtu halisi alianza na sifuri. Mara moja kwa wiki zima kichujio kwenye majibu, pitia, na umfuate unayemwona ana akili. Ukitumia simu ya Android na Amethyst pamoja na Coracle kwenye kompyuta, unaweza kuacha moja wazi na nyingine imebana.

9. Pogoa. Ukiona taka imepita, usimnyamazishe mtumaji tu ukaendelea. Fungua akaunti yake uone nani kati ya watu wako anamfuata. Jina lilelile likijitokeza mara tatu, umempata mdhamini anayevuja. Mwondoe. Kama unapenda posti zake, mweke kwenye orodha tofauti ya kusoma, ambayo haiingii kwenye hesabu ya alama.

## Ukimpa mwingine akuhesabie

Tuseme unafuata watu 200 na kila mmoja anafuata 300. Duara la pili lina mishale 60,000. Kila ufunguo huandikwa kwa herufi 64, pamoja na alama za kuuzunguka, kwa hiyo simu yako inapakua takriban MB 4 ili tu kujua nani anamfuata nani. Simu ya kawaida inaweza. Duara la tatu ni jambo jingine kabisa, na hapo ndipo huduma kama Vertex zinapoingia: zinahesabu kwenye seva zao na kukupa jibu. Pendekezo la NIP-85 limeweka utaratibu wa mtoa huduma kuchapisha alama alizohesabu, na wewe kutangaza ni mtoa huduma gani unayemwamini.

Uliza maswali mawili kabla hujakubali. Hesabu inaanzia kwenye ufunguo wangu au wao? Kama ni wao, unapata maoni yao tu yaliyovaa namba. La pili: nikiacha huduma hii kesho, nitabaki na nini? Orodha zako za kufuata na kunyamazisha ziko kwenye rilei, hivyo unapaswa kuweza kuhamia kwa mwingine siku hiyo hiyo.

Mitandao mingine iliyogatuliwa hufanya tofauti, na inafaa ujue tofauti hiyo usije ukatafuta kitufe ambacho hakipo. Kwenye Mastodon wasimamizi wa seva wanaweza kuzuia seva nyingine nzima. Bluesky inakuruhusu kujiandikisha kwa watu wanaobandika lebo kwenye posti na akaunti. Scuttlebutt ndiyo iliyo karibu zaidi na haya: programu hupakua posti za marafiki na marafiki wa marafiki, na zaidi ya hapo haifiki.

ONYO: Orodha yako ni ramani

Kila unayemfuata kwa wazi anaonekana kwa kila mtu duniani, hata asiye na akaunti. Kwa mwanahabari, wakili wa haki za binadamu au mtumishi anayewasiliana na vyanzo, orodha hiyo inaonyesha nani yuko na nani. Kumwacha mtu baadaye hakusaidii sana, kwa sababu nakala za zamani zinaweza kubaki kwenye rilei nyingine. Ukiwa na sababu ya kuogopa, tumia funguo mbili zisizofuatana: moja ya hadharani yenye duara la kawaida, na nyingine isiyomfuata mtu kwa wazi. Hiyo ya pili haitakuwa na kichujio kizuri. Ni gharama inayostahili.

## Makosa yanayojirudia

*Kuchukua alama kuwa ukweli.* Mtu mwenye alama 30 anaweza kusambaza uzushi wa dawa ya kisukari kwa nia njema kabisa. Alama inakwambia ni mtu anayejulikana. Haisemi lolote kuhusu anachokisema leo.

*Kufuata ili ufuatwe.* Ndiyo njia ya haraka kuliko zote ya kutoboa wavu wa wengine. Wanaojua kupogoa watakutoa.

*Kuhesabu zapu kama udhamini.* Zapu ni malipo madogo ya Bitcoin yanayoonekana chini ya posti. Mtu anaweza kujizapu mwenyewe kutoka akaunti nyingine mchana kutwa.

*Kuamini alama pesa inapotajwa.* Sote tunaufahamu ujumbe wa "ile pesa tuma kwenye namba hii". Sasa ufikirie ukitoka kwenye akaunti halisi ya rafiki yako, ufunguo umeibwa, alama 25. Kichujio kitaupitisha na kuuweka juu ya orodha. Mtu akitaja pesa, mpigie simu usikie sauti yake, na umuulize jambo ambalo mgeni hawezi kulijua.

## Orodha ya kukagua kabla hujafunga mipangilio

☐ Nsec iko kwenye karatasi, haiko kwenye picha za simu
☐ Duara la kwanza ni watu 20 hadi 50, kila npub imehakikiwa nje ya Nostr
☐ Angalau kumi kati yao wanaandika Kiswahili
☐ Hakuna kati yao anayefuata maelfu ya watu
☐ Nakala ya orodha ipo
☐ Kizingiti cha majibu ni 1 au 2, cha arifa 2 au 3
☐ Rilei ya kupokelea iliyo wazi angalau moja
☐ Siku ya wiki ya kuangalia waliofichwa imechaguliwa

## Rafiki akiibiwa ufunguo

Nostr haina njia ya kubadilisha ufunguo ambayo programu nyingi zimekubaliana nayo. Ufunguo ulioibwa umeibwa moja kwa moja. Ukigundua, au ukishuku:

1. Mpigie mwenyewe. Usimwandikie kwenye Nostr. Mwizi ndiye atakayesoma.
2. Akithibitisha, mwache hapo hapo na umnyamazishe kwa wazi. Usione haya. Unaizuia akaunti, humzuii mtu.
3. Andika posti ukitaja npub ya zamani na kueleza kwamba imeibwa. Wanaokufuata wewe ndio hasa watakaoathirika.
4. Mwombe afungue ufunguo mpya, akusomee npub mpya kwa sauti au mkutane. Mfuate wewe wa kwanza.
5. Waombe watu wawili au watatu mnaofahamiana nao wafanye vivyo hivyo. Mfuasi mmoja kati ya watu wako anampa alama 1. Watatu wanamfikisha kwenye kizingiti cha arifa cha wengi wenu.
6. Kwa wiki mbili zinazofuata, kagua nani bado anaifuata ile akaunti ya zamani, na umtumie ujumbe mmoja mmoja.